Kabla Fundi Hajakata Masega: Namna ya Kuyapima, Kuyaokoa na Kuyabadili Kwenye Gari la Spoti

Gari limekuwa zito, halivuti mlimani, taa ya cheki injini imewaka. Fundi anachungulia chini kidogo, anajifuta mikono na kusema, "Masega yameziba, bosi. Tuyatoe." Kwa mwenye Toyota Altezza, Subaru WRX au Mazda RX-8 ushauri huo unapendeza mara mbili, maana huja na ahadi ya nguvu za ziada na mlio mkali. Mara nyingi kazi yenyewe hutolewa bure au kwa bei ya soda.

Usikubali siku hiyohiyo. Masega, yaani katalitiki konveta, hayazibi hivihivi. Kuna kitu kwenye injini kinachoyaharibu, na ukiyatoa bila kukitafuta, kitu hicho kitaendelea kula injini huku wewe ukifurahia mlio. Hapa nakuelekeza namna ya kujua kama yameziba kweli, kimeyaziba nini, yanaokolewaje, na yakiwa yamekufa kabisa ufunge nini mahali pake.

Yanafanya nini huko chini

Ndani ya lile boksi la chuma kuna tofali la kauri lenye vitundu vyembamba. Magari mengi hutoka kiwandani yakiwa na vitundu 400 au zaidi kwa kila inchi ya mraba. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa moto, kaboni monoksidi hugeuka kaboni dioksidi, petroli ambayo haikuungua humalizikia hapo, na oksidi za naitrojeni huvunjwa. Kazi hiyo huanza joto likifika nyuzi 250 hadi 300 hivi, ndiyo maana gari likiwashwa asubuhi hunuka zaidi dakika za mwanzo.

Utasikia pia kwamba masega ni ya Ulaya na Japani, mafuta ya huku hayayafai. Zamani ilikuwa kweli. Petroli yenye risasi huyaua masega kwa sababu risasi hufunika yale madini yasiguse moshi. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar, Juni 2001, kuachana na petroli hiyo, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondoka. Kisha 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaingia kwenye kiwango kipya cha mafuta chenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kwa hiyo hoja ya mafuta ya huku imepitwa na wakati, isipokuwa pale unapojaza petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa.

Hatua ya 1: Gonga gari likiwa limepoa

Anza na kisichogharimu kitu. Gari likiwa limelala usiku kucha, linyanyue kwa jeki, liweke juu ya stendi imara (jeki peke yake haitoshi kwa mtu kuingia chini), kisha gonga boksi la masega kwa nyundo ya mpira au kwa ngumi. Likilia kama mawe ndani ya kopo, tofali limepasuka. Likinyamaza, hiyo bado si dalili kwamba ni zima. Linaweza kuwa limeyeyuka na kugandamana bila kipande kuachia.

Tazama pia rangi ya chuma. Ganda lililogeuka buluu au zambarau limewahi kupata joto kali kupita kawaida, na hapo jua kuna petroli iliyokuwa inaungulia ndani yake badala ya kwenye silinda.

Mwenye WRX iliyotengenezwa kwa soko la Marekani kati ya 2002 na 2005 aangalie zaidi. Magari hayo yana sega dogo kabla ya turbo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi), kwenye bomba linalopanda kutoka manifoldi ya moshi. Likimeguka, vipande vinaingia moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo. Ukisikia turbo imeanza kupiga filimbi isiyo ya kawaida, kagua huko mapema.

Hatua ya 2: Soma kodi, na uzisome vizuri

Kodi ni namba za makosa ambazo kompyuta ya gari huhifadhi. Kodi P0420 humaanisha kompyuta ya gari imeona masega hayasafishi moshi ipasavyo. Haimaanishi yameziba. Haya ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakotuma masega mengi mazima kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Masega yanaweza kuwa wazi kabisa lakini madini yamechoka, gari likavuta kama kawaida huku taa ikiwaka. Yanaweza pia kuwa yameziba na taa isiwake.

P0420 huletwa vilevile na tundu kwenye ekzosi linaloingiza hewa karibu na sensa ya oksijeni, au na sensa yenyewe iliyochoka. Kama una kifaa cha kusomea kodi cha ELM327 na programu kwenye simu, pasha injini moto, shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika (rpm) kwa muda wa dakika mbili, kisha tazama sensa ya nyuma, ile iliyo baada ya masega. Kwenye masega mazima hutulia, mara nyingi karibu na volti 0.6 au 0.7. Ikipanda na kushuka haraka kati ya 0.1 na 0.9, ikimwiga mwenzake wa mbele, masega hayafanyi kazi tena.

Angalia na kodi zilizo jirani. P0300 hadi P0304 ni za injini kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka, na hizo ndizo za kushughulikia kwanza. Taa ya cheki injini ikiwa inawakawaka badala ya kutulia, punguza mwendo papo hapo, maana gari linakwambia kumisi kumefikia kiwango cha kuunguza masega.

Kuna jambo linalowakwamisha wengi. Magari mengi ya soko la Japani ya kabla ya 2008 yana soketi ya pini 16 ya kusomea kodi lakini hayaelewani na ELM327 ya bei rahisi. Altezza ni mojawapo. Kwenye Toyota za namna hiyo, zima switchi, unganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, kisha fungua switchi bila kuwasha injini na uhesabu taa ya cheki injini inavyowaka. Mwako wa harakaharaka usiokatika maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Hesabu pini mara mbili kabla ya kugusa, kwa sababu ya 16 ina umeme wa betri.

Hatua ya 3: Geji ya vakyumu

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine kwa mtu asiye na gereji. Geji ni ya bei nafuu na hakuna bolti utakayofungua. Tafuta mpira mwembamba wa vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, unaotoka kwenye intake manifoldi (bomba la kuingizia hewa), uchomoe, unganisha geji, washa gari lililopata moto.

Kwa injini ya pistoni iliyo sawa, Dar es Salaam au Mombasa, sindano hukaa kati ya inchi 17 na 21 za zebaki gari likiwa sailensi, yaani likinguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukienda mahali pa juu, hupungua kama inchi moja kwa kila mita 300. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo huko inchi 11 hadi 15 ni kawaida. Wapo mafundi wanaosoma vitabu vilivyoandikwa kwa miji ya chini, wakaona 14 Nairobi, wakalaumu masega ambayo hayana kosa.

Sasa panda hadi mizunguko 2,500 na uishikilie hapo. Sindano itaanguka kidogo, kisha irudi ilipokuwa au juu yake. Ikirudi na kutulia, moshi unapita. Ikiwa inaendelea kushuka polepole wakati mguu wako haujasogea, moshi unarundikana nyuma ya kizuizi na injini inakosa pumzi. Hapo kuziba ni kweli.

Hatua ya 4: Pima presha ya moshi

Kuondoa shaka, chomoa sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega na ufunge geji ya presha mahali pake. Uzi wa sensa nyingi ni M18 kwa 1.5, na spana yake ni ya 22. Gari likiwa sailensi presha isizidi psi 1.5 (psi ni kipimo cha presha kilichoandikwa kwenye geji), kwenye mizunguko 2,500 isizidi 3. Ikifika 5 au zaidi, hakuna mjadala.

Kwenye Subaru nyingi za turbo, kumbuka sensa ya mbele iko kabla ya turbo, hivyo presha utakayosoma hapo inachanganya turbo na masega. Usitumie kipimo hicho peke yake kuyahukumu masega. Tegemea vakyumu, au pima kwenye bomba lililo baada ya turbo kama lina tundu.

Wapo wanaotumia kipimajoto cha infraredi kulinganisha mlango wa kuingilia na wa kutokea. Husaidia kidogo, lakini injini ikiwa safi masega huwa hayana cha kuunguza, tofauti ya joto hupungua, na utadhani yamekufa kumbe yamepumzika.

Hatua ya 5: Tafuta kinachoyaharibu

Hapa tulia, maana ndipo pesa yako inapookolewa au kupotea.

Kumisi ndiko kunakoharibu haraka kuliko vyote. Plagi au koili ikichoka, petroli ya silinda ile haiungui. Inatoka mbichi na kuwakia ndani ya masega. Joto likipita nyuzi 1,000 madini hupoteza uwezo, na likiendelea kupanda tofali lenyewe huyeyuka. RX-8 inasumbuliwa na hili kuliko gari lingine ninalolijua. Koili zake ni dhaifu, na injini yake ya rota, isiyo na pistoni, huchoma oili kwa makusudi ili kulainisha sili. Wamiliki makini hubadili koili, plagi na waya zake kwa pamoja kila kilomita 50,000 hivi, bila kusubiri limisi. Masega ya RX-8 yakiziba, joto hurudi kwenye injini na sili huanza kuachia, na injini ya rota haifufuliwi kwa bei ndogo.

Oili ndiyo inayofuata. Kila oili ya injini ina zinki na fosforasi za kulinda chuma. Injini ikila oili kupitia ringi au sili za valvu, vitu hivyo hutanda juu ya masega kama majivu. Angalia stiki ya oili kila Jumamosi kwa mwezi mmoja kabla hujafunga masega mapya. Ikishuka lita nzima ndani ya kilomita 1,000, rekebisha injini kwanza.

Kupoteza maji ya rejeta bila kuona yanapovuja, na moshi mweupe wenye harufu tamu, ni dalili za gasketi ya silinda hedi. Kulanti, yaani hayo maji ya rejeta, hufunika masega vilevile. Wenye Subaru wanalijua vizuri hili.

Mchanganyiko wenye petroli nyingi nao umo: sensa ya mbele iliyozeeka, nozeli inayodondosha, au programu ya kuongeza nguvu iliyoingizwa kwenye kompyuta ya gari na mtu asiyejua anachofanya. Ncha ya ekzosi ikiwa na masizi meusi laini na gari linakunywa kuliko zamani, anzia hapo.

Hatua ya 6: Jaribu kuyaokoa

Kama yameziba kwa masizi tu, na umeshamaliza tatizo la hatua ya 5, joto linaweza kuyasafisha. Chagua barabara ndefu isiyo na foleni, alfajiri, kama kutoka Dar kuelekea Chalinze au Thika Road ikiwa tupu. Kaa gia ya chini kuliko kawaida ili mizunguko ibaki 3,000 hadi 3,500 kwa nusu saa, ukiwa ndani ya mwendo unaoruhusiwa. Rudi, pima tena vakyumu. Kama gari bado linamisi usithubutu kufanya hivi, utayeyusha kilichobaki.

Kuosha kwa maji moto na sabuni ni kazi inayofanywa sana gereji. Huondoa masizi na oili nyepesi kwa masega yaliyochomolewa, basi yakaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Tofali lililoyeyuka haliokolewi na sabuni. Wala usikubali mtu aingize nondo ndani "kufungua njia" kisha arudishe boksi. Hayo ameyatoa, ila amekuachia ganda.

Hatua ya 7: Yakiwa yamekufa, badili

Una njia tatu. Ya kwanza ni masega mapya ya kiwandani, ambayo bei yake huwafukuza wengi. Ya pili ni ya kampuni nyingine, ya kuchomelea, yaliyochaguliwa kwa kulingana na ukubwa wa injini na kipenyo cha bomba. Kwa gari la spoti yapo ya chuma yenye vitundu 200 kwa inchi ya mraba, ambayo hupitisha moshi kwa urahisi zaidi huku yakisafisha. Hayo ndiyo ninayomshauri kijana anayetaka mlio na nguvu. Tahadhari na yale ya bei ya kutupa. Madini yake ni machache, na P0420 hurudi baada ya miezi michache.

Ya tatu ni mtumba kutoka Japani, Gerezani kwa Dar au Kirinyaga Road kwa Nairobi. Nenda na tochi. Mulika upande mmoja, chungulia mwingine: uone vitundu vimenyooka, vya rangi ya kijivu au kahawia hafifu, mwanga ukipita. Weusi wa kulowa ni oili. Litikise, lisilie. Kisha lipime mkononi, kwa sababu boksi tupu ni jepesi mno. Pitisha kidole kwenye mshono wa ganda. Ukikuta laini ya kuchomelea ambayo si ya kiwanda, wenzako walishapasua, wakatoa cha ndani, wakafunga.

Kwenye kufunga, mwaga mafuta ya kulainisha kutu kwenye nati usiku wa kuamkia kazi. Sensa hutoka vizuri bomba likiwa na uvuguvugu, si likiwa moto wa kuunguza. Badili gasketi zote, na zile za duara kama donati pamoja na springi zake ikiwa zimelegea. Mshale ulio kwenye ganda uelekee nyuma ya gari. Weka masega pale yalipokuwa. Ukiyasogeza nyuma sana hayatapata joto mapema. Kabla ya kuchomelea, chomoa betri na soketi za sensa. Sensa ikirudi, paka grisi ya kuzuia kutu kwenye uzi pekee, ncha isiguswe. Usipake gundi ya ekzosi kwenye maungio yaliyo kabla ya masega: vipande vyake humeguka na mvuke wake huchafua kila kitu moshi unachofuata kukipitia.

Washa. Masaa ya kwanza patakuwa na harufu na moshi hafifu, hiyo ni kawaida. Vaa glavu, ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache na usikilize maungio. Popote panapotoa sauti ya kuvuja, kaza au funga upya.

Na kama bado unataka kuyatoa

Nakueleza kitakachotokea. Injini isiyo na turbo, kama 3S-GE ya Altezza, haitapata nguvu utakayoihisi kwa mguu ikiwa masega yaliyotoka yalikuwa mazima. Utakachopata ni kelele ya kuchosha safarini na harufu ya petroli kwenye nguo. Injini ya turbo huongezeka zaidi, lakini hapo ndipo penye hatari. Turbo ikikosa kizuizi inaweza kupandisha presha kupita iliyopangwa, petroli isitoshe, na pistoni ikapasuka. Bila programu mpya iliyowekwa na mtu anayepima mchanganyiko kwa vifaa, ni kamari.

Ile mbinu ya kuisogeza sensa ya nyuma ili taa izimike inamnyima mwenye gari taarifa pekee aliyokuwa nayo. Na kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Gari lisilo na masega huitoa kwa wingi, na tundu dogo chini ya sakafu linatosha kuiingiza kwa watoto waliolala kiti cha nyuma.

Sheria nazo zipo. Marekani hairuhusu kuyatoa kwenye gari la barabarani, awe fundi au mwenye gari. Uingereza, gari lililotoka kiwandani likiwa nayo huanguka ukaguzi wa MOT yakikosekana. Tanzania ina kanuni za ubora wa hewa za 2007 na Kenya ina zake, na zote zinagusa moshi wa magari. Anayesema anajenga gari la mashindano ajue kwamba hata FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ina orodha ya masega iliyoyaidhinisha kwa magari ya mbio.

Masega ya zamani ni mali yako. Yana madini ya thamani, na wanunuzi hupita gereji kila wiki. Ndiyo siri ya kazi ya bure. Mwambie fundi tangu mwanzo kwamba utaondoka nayo, na ukiyauza, uza mwenyewe. Kisha baada ya wiki moja ya kuendesha, rudi chini ya gari likiwa limepoa, kaza nati tena, soma kodi, na uweke geji ya vakyumu mara moja zaidi. Andika namba uliyoipata nyuma ya kitabu cha gari, uwe na cha kulinganisha siku nyingine litakapoanza kuwa zito.